Kibwagizo Kinaporudi: Vina, Mizani na Takriri katika Shairi la Mapenzi

Ukilivua shairi la mapenzi vina na mizani, ukalieleza kwa nathari, mara nyingi utabaki na kauli ambazo kila mtu amekwisha kuzisikia: nakupenda, njoo, mbona umekawia, usiniache, umeniacha. Utenzi wa vita una mashujaa wake na majina ya mahali. Shairi la siasa lina habari, la mawaidha lina hoja. La mapenzi halina jipya la kumwambia msomaji, na bado ndilo watu wanalolihifadhi kichwani miaka na miaka, wakaliimba jikoni na kulinukuu katika barua. Upya wake umo katika jinsi silabi zilivyopangwa, sauti gani imerudi na wapi, na pumzi imekatwa mahali gani. Ndiyo maana uchambuzi wa umbo, ambao katika tungo nyingine unaweza kusubiri mpaka maudhui yamalizike, kwenye shairi la mapenzi unatakiwa uanze mapema na uende mbali.

Shuleni hauendi mbali. Katika karatasi ya Fasihi ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, ile ya 102/3, swali la ushairi huja mara kwa mara na kipengele cha kueleza umbo la shairi au kutaja bahari zake, na mtahiniwa aliyefundishwa vizuri anajua la kuandika: mishororo ni minne katika kila ubeti, hivyo ni tarbia, kila mshororo una vipande viwili, hivyo ni mathnawi, vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, hivyo ni ukaraguni, mizani ni kumi na sita, nane kwa nane, kibwagizo kipo. Tanzania nako hali haitofautiani sana. Yote hayo ni kweli na ni lazima yajulikane. Lakini pale jibu linapokomea ndipo swali linapoanza. Kwa nini mtunzi amebadilisha vina alipofika ubeti wa pili? Na kibwagizo kinaporudi mara ya tatu, je, kinasema kilekile kilichosemwa mara ya kwanza?

Swali hilo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Naamini kwamba katika shairi la mapenzi, vina na mizani vina kazi moja kuu, nayo ni kuuandalia mstari unaorudiwa mahali papya pa kusimama. Maneno ya kibwagizo hayabadiliki, ila kila yanaporudi yanakuta ubeti mwingine, sauti nyingine na mapigo mengine, na kwa hiyo maana yake inageuka. Kibwagizo kisichogeuka kimekufa, hata kama mizani yake imetimia na vina vyake havina doa.

Ili hoja isielee hewani, nimetunga beti tatu kwa ajili ya uchambuzi huu. Anayesema anamngoja mpenzi wake usiku, nyumba i karibu na pwani.

Jua lazama mwandani, upepo umepungua,
Wavuvi wafika pwani, matanga wameyatua,
Nami nipo mlangoni, nawe njia waijua,
Nimekuwekea taa, dirisha sijalifunga.

Usiku una uzito, macho yangu yanakesha,
Hatua zako ni ndoto, upepo wanikumbusha,
Mafuta yote ni moto, kesho sina cha kuwasha,
Nimekuwekea taa, dirisha sijalifunga.

Kumekucha nashangaa, mbona bado unaringa,
Hata taa yakataa, haitoi tena mwanga,
Moyo umechoka njaa, nao mkono walenga,
Nimekuwekea taa, dirisha sijalifunga.

Tuanze na vina, kwa kuwa ndivyo vinavyosikika kwanza, na ndivyo vinavyodanganya zaidi. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Isitoshe, lugha yetu ina viambishi vinavyojirudia kila mahali: -ni ya mahali, -wa ya kutendwa, -sha ya kusababisha, -ana ya kutendana. Mtunzi anaweza kupata vina vya beti ishirini bila kutoka katika sarufi. Katika mashairi ya mapenzi mtego mkubwa ni viwakilishi vya kumiliki. Moyo wangu, mpenzi wangu, dunia yangu, roho yangu: vina vimetimia, sikio limeridhika, na hakuna kilichosemwa ila kwamba kila kitu ni cha msemaji. Simaanishi kwamba -ngu haifai kuwa kina. Ikiwa shairi linahama kutoka -ngu kwenda -ko, kisha likaishia kwenye -tu, hapo kina kimesimulia safari nzima kutoka umiliki hadi ushirika, na mtunzi wake anastahili sifa. Ninachokataa ni kina kilichokuja kwa sababu kilikuwa karibu.

Kwa hiyo mchambuzi anapokuta vina, ajiulize kwanza vimetoka wapi: katika kiambishi, au katika mzizi wa neno? Katika ubeti wa kwanza hapo juu, kina cha kati ni -ni, kina rahisi kuliko vyote. Mlangoni imekipata kwa kiambishi cha mahali, na pwani nayo ni mahali. Urahisi huo unafaa pale, maana msemaji bado ana raha, jua ndiyo kwanza linazama, na hana shaka kwamba mtu atakuja. Ubeti wa pili una uzito, ndoto, moto: nomino tatu tupu ambazo hazikusaidiwa na kiambishi chochote cha mwisho. Utao wake, yaani kipande cha pili cha kila mshororo, bado umeegemea sarufi kidogo, kwa kuwa kumbusha na washa zote zina -sha ya kusababisha. Ukifika ubeti wa tatu msaada huo umekwisha kabisa. Ringa, mwanga, lenga, funga: nga hii imo katika mizizi yenyewe. Vina vinazidi kuwa vigumu kadiri usiku unavyozidi kuwa mrefu. Msomaji wa kawaida hatalieleza jambo hili, lakini atahisi kwamba maneno ya ubeti wa mwisho yamebana.

Kuna la pili katika vina, na kwangu hili ndilo lenye uzito zaidi: uhusiano wa kibwagizo na mishororo iliyokitangulia. Kibwagizo chetu kina vina vya -a na -nga. Katika ubeti wa kwanza mishororo mitatu ya juu ina -ni na -a. Kibwagizo kimeazima kile kina cha mwisho cha juu, kikakifanya kina chake cha kati, kwa hiyo kinaingia kama jamaa aliyezoeleka nusu na mgeni nusu. Katika ubeti wa pili mishororo ina -to na -sha. Hakuna silabi inayofungamana na kibwagizo hata kidogo, na ahadi ya taa na dirisha inasikika kama imetoka nje ya usiku ule, imesemwa na mtu ambaye hakuwa anakesha. Kisha ubeti wa tatu unageuka: mishororo yote minne ina -a na -nga. Kwa mara ya kwanza kibwagizo kiko nyumbani kwake. Sikio linasema kwamba hapa ndipo mahali pa mstari huu, kwamba huko nyuma kote ulikuwa unapangojea hapa. Na papo hapo, kwa maana, mstari umekuwa mkali kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Mtahiniwa ataandika “ukaraguni” na kusonga mbele. Neno ni sahihi. Lakini ukaraguni unatuambia tu kwamba vina vimebadilika, hautuambii kwamba vimekisogelea kibwagizo hatua kwa hatua, vikakiacha, vikakirudia.

Mtiririko, ambapo vina vya kati na vya mwisho ni vilevile tangu mwanzo hadi tamati, una tabia nyingine kabisa. Shairi la mapenzi lililotungwa kwa mtiririko linafaa pale ambapo hisia haibadiliki: sifa za mpenzi, nadhiri, kiapo. Utenzi nao una njia yake. Kina cha bahari, kile cha kipande cha nne, hushikiliwa ubeti baada ya ubeti, na ndivyo ilivyo katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama anamwusia binti yake kuhusu maisha ya ndoa kwa zaidi ya beti mia moja. Kina kinachorudi bila kukoma kwa urefu huo kinaupa usia mkazo wa sauti moja ya mzazi isiyotetereka. Kingewekwa katika shairi la mtu mwenye wasiwasi wa mapenzi, kingemkanusha, kwa maana mwenye wasiwasi hana sauti moja.

Mizani huhesabiwa kwa silabi, na Kiswahili kina mambo yake. M ya mlangoni ni silabi kamili: m-la-ngo-ni, nne. Ile ya mwandani imeshikana na w, haihesabiwi peke yake: mwa-nda-ni, tatu. Mbona ni mbili, mbo-na. Mkono ni tatu, m-ko-no. Hata neno linaloandikwa vilevile linaweza kugawanyika tofauti: mbuni, ndege yule mkubwa, ana mizani mbili, lakini mbuni anayebuni jambo ana tatu. Mtunzi wa pwani hahitaji kuambiwa haya, anayasikia. Msomaji anayehesabu kwa macho ndiye anayekosea, akadhani mshororo umepungukiwa.

Hesabu hiyo inaingia mpaka katika uchaguzi wa jina la mpenzi. Nyonda lina mizani mbili, mwandani tatu, muhibu tatu, mpenzi tatu, laazizi nne, mahabuba nne. Mtunzi ana ghala la majina ya urefu mbalimbali, na kila moja lina harufu yake: nyonda la kale, muhibu na mahabuba yenye asili ya Kiarabu, mpenzi la kila siku. Unapokuta laazizi, uliza kama lilihitajika kwa maana au lilijaza nafasi ya silabi nne. Mtunzi hodari hufanya yote mawili kwa mpigo. Nilichagua mwandani hapo juu kwa sababu ya kina cha -ni, sikatai, lakini pia kwa sababu mwandani ni mtu wa ndani, na anayengojwa bado yuko nje.

Ndivyo ilivyo na njeo. “Jua linazama mwandani” ingekuwa mizani tisa. “Jua lazama mwandani” ni nane. Wakati uliopo wa -a- ni mfupi kuliko wa -na- kwa silabi moja pale penye kiambishi cha ngeli, na ndiyo sababu mojawapo ya kupendwa kwake na watunzi. Idhini nyingine zinajulikana: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila ya kubadili sauti ili kina kitimie. Zote ni haki ya mtunzi, ila zikitumika kila mshororo, msomaji anaanza kuwaona mafundi wakihangaika badala ya kumsikia anayependa.

Muundo wa nane kwa nane katika beti za mishororo minne tumeuzoea mno hata tunaudhania kuwa ndio ushairi wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa miongoni mwa walioufanya uwe chombo cha kila siku cha kuzungumzia siasa, biashara, visa vya mji na mapenzi. Kaluta Amri Abedi akaziandika kanuni zake katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, akisisitiza kwamba shairi ni wimbo na halina budi kuimbika. Kigezo hicho cha kuimbika kimesahauliwa na wengi waliohifadhi hesabu peke yake. Mizani ni idadi, lakini ndani ya idadi kuna mapigo, na mapigo ndiyo yanayoimbwa.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo katika kipande cha mizani nane kinachoishia na neno la silabi mbili au zaidi, silabi ya saba ina mkazo daima. Hiyo ni nguzo isiyohama. Kinachohama ni mikazo iliyo kabla yake, na huko ndiko mtunzi anakofanya kazi yake kimyakimya. Pitia kwa sauti ukwapi wa ubeti wa pili, yaani vipande vyake vya kwanza: usiku una uzito, hatua zako ni ndoto, mafuta yote ni moto. Vipande vyote vitatu vina mkazo katika silabi ya pili, ya nne na ya saba. Mapigo hayabadiliki hata mara moja. Ni usiku wa kungoja, hakuna kinachotokea, na mapigo yanasema hivyo kabla ya maneno. Ukwapi wa ubeti wa kwanza haukufungwa namna hiyo: jua lazama mwandani ina mkazo katika ya kwanza, ya nne na ya saba; wavuvi wafika pwani katika ya pili, ya tano na ya saba; nami nipo mlangoni katika ya kwanza, ya tatu na ya saba. Jioni ina shughuli, watu wanatembea.

Sasa sikiliza kibwagizo: nimekuwekea taa. Silabi nne za mwanzo hazina mkazo wowote. Unangoja mpaka silabi ya tano, -ke-, ndipo sauti inapanda, kisha taa. Hakuna kipande kingine katika beti hizi kinachochelewesha mkazo wake wa kwanza hadi hapo. Mstari unaohusu kungoja unamngojesha msikilizaji. Na kwa kuwa unarudi mara tatu, sikio linajifunza kuutambua kwa mwendo wake hata kabla halijayapokea maneno.

Utao wa mwisho kabla ya kibwagizo cha tatu, nao mkono walenga, una mkazo katika silabi ya kwanza, ya nne na ya saba. Ni mapigo yaleyale ya kipande kilichofungua shairi, jua lazama mwandani. Jua lilikuwa likizama, sasa mkono unainuka, na mwendo ni mmoja. Sidhani kwamba watunzi hupanga mambo haya kwa kuhesabu vidole. Huyapata kwa kuimba rasimu yao mara nyingi mpaka ulimi ukubali. Lakini mchambuzi anayo haki na wajibu wa kuhesabu.

Kabla ya kuliacha suala la sauti, tazama kipande kimoja zaidi: hata taa yakataa. Irabu zote nane ni a. Silabi ta imerudi mara tatu. Mdomo uko wazi tangu mwanzo hadi mwisho na ulimi unagonga meno tu, kama utambi unaotatarika kabla ya kuzimika. Hii nayo ni takriri, ingawa vitabu vingi vya shule huiweka takriri katika neno na mstari, vikaisahau iliyo ndani ya silabi. Ni hapa pia neno taa, lililokuwa mali ya kibwagizo, linaingia katika mwili wa ubeti kwa mara ya kwanza. Limeingia likiwa limezimika.

Na hapo maana ya kibwagizo inageuka wazi. Nimekuwekea taa, katika ubeti wa kwanza, ni habari ya kitu kinachoonekana: taa inawaka, njoo. Katika ubeti wa pili mafuta yanakwisha, na kauli ileile inakuwa hesabu ya gharama: nimekuwekea, nimetumia nilichokuwa nacho. Katika ubeti wa tatu taa haina mwanga tena, lakini bado anasema amemwekea. Kitenzi chenye -me- kinachotaja jambo lililokamilika na lingali na athari kimebaki na ukamilifu, athari imetoweka. Anachokidai sasa ni deni.

Utao nao una -ja- yake. Sijalifunga. Anayesema hivyo saa moja jioni anakaribisha. Anayesema hivyo alfajiri, mkono wake ukiwa umeshalenga kitu ambacho mshororo wa tatu haukukitaja, anaonya. Kiambishi hiki kinakanusha tendo na papo hapo kinaliacha mlangoni, kwa kuwa ambacho hakijafanyika kinaweza kufanyika. Neno halikuguswa. Vina vilivyolifikia, mwanga na lenga, ndivyo vilivyolitoa makali yake.

Baadhi ya watunzi wangebadilisha kibwagizo mwishoni. Inawezekana kabisa hapa, tena bila kuvunja mizani: dirisha nimelifunga ni silabi nane kamili, na kina kinabaki -nga. Shairi lingepata uamuzi, na wasomaji wengi wangeridhika. Mimi ningelikataa badiliko hilo. Anayefunga dirisha amemaliza, hana tena mtu wa kumwambia, na kwa hiyo hana sababu ya kuendelea kusema “nimekuwekea”. Mvutano wote wa beti hizi umo katika kutokufunga. Lakini naheshimu wanaoona vinginevyo, na kuna mashairi ambayo kimalizio tofauti kinayaokoa, hasa yale ambayo msemaji wake amesikia habari mpya katikati ya utungo.

Njia nyingine ni msuko, ambapo mshororo wa mwisho hufupishwa. Kibwagizo kingekuwa “Dirisha sijalifunga” pekee, mizani nane. Taa ingetoka, na pamoja nayo ule ucheleweshaji wa mkazo niliousifia. Ubeti ungekatika ghafla. Msuko unafaa sana kwa mapenzi ya hasira.

Shaaban Robert alitumia kibwagizo kwa namna nyingine katika shairi lake kuhusu kifo cha mkewe, Amina, lililomo katika Maisha Yangu. Mshororo wa mwisho unarudi ukisema kwamba pendo walilolifunga wawili hao hapana awezaye kulifungua. Kauli kama hiyo kwa kawaida husemwa na wawili walio hai, mbele ya wazee. Hapa inasemwa na mmoja, mwenziwe akiwa kaburini, na kila inaporudi upweke wa anayeisema unaongezeka. Kibwagizo kinaapa, beti zinaomboleza, na katika kukaa kwao pamoja ndimo uchungu unamokaa. Ukiuondoa mstari ule unaorudi utabaki na dua na sifa za marehemu, utungo wa heshima lakini wa kawaida.

Wimbo wa taarabu umekwenda mbali zaidi na takriri kuliko shairi la kusomwa. Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti za Waswahili zimeweza kurudiwa hata pale mwimbaji asipokuwepo, lakini ukumbini kurudia kuna kazi nyingine. Beti nyingi ni za mishororo mitatu, mwimbaji anaweza kuurudia mshororo mmoja, kisha waitikiaji wakakidaka kiitikio. Wakati huo ndipo mtu huinuka kwenda kutunza. Hamtunzi mwimbaji kwa sauti yake tu. Anainuka kwenye mstari unaomhusu, na wote wanamwona ameinuka kwenye mstari gani. Mke mwenza yupo, jirani yupo, aliyemwacha huenda yupo. Mstari uliotungwa na mtu mmoja kwa mpenzi asiyetajwa sasa umekuwa kauli ya mwingine kwa mwingine. Pasingekuwa na marudio, nafasi hiyo isingepatikana: mara ya kwanza wanasikia, mara ya pili wanajitambua, mara ya tatu wanasimama. Ndiyo maana kiitikio kizuri cha taarabu hakitaji jina wala jinsia ya mpenzi, na Kiswahili, ambacho yeye wake ni wa mwanamume na mwanamke sawasawa, kinausaidia usiri huo bila mtunzi kutoka jasho. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir, na anayezisikiliza atagundua jinsi muziki unavyouvuta mkazo ule wa silabi ya saba hadi ukawa mrefu kuliko kipande kizima kilichoutangulia.

Kisha wakaja wasiotaka vina. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Mabishano yaliyofuata kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalikuwa makali, na mengi yalihusu kama tungo zile ziitwe mashairi. Hilo limeshapita. Linalotuhusu hapa ni kwamba mtunzi aliyeviacha vina na mizani hakuiacha takriri, na mara nyingi ameitegemea kuliko waliomtangulia, kwa sababu hana kingine cha kuufunga mstari na mwenzake. Hurudia neno, hurudia mwanzo wa sentensi, hurudia muundo wa sentensi huku maneno yakibadilika. Tuyachukue maudhui yaleyale:

Nimekuwekea taa.
Mafuta yamekwisha.
Nimekuwekea taa.
Kumekucha.
Nimekuwekea taa.

Mistari hii inafanya kazi. Utupu uliopo baada ya kila nukta umechukua nafasi ya kina, na “kumekucha”, neno moja lililosimama peke yake, lina nguvu ambayo lisingeipata ndani ya kipande cha mizani nane. Mageuzi ya maana yamefika haraka na bila pambo. Msemaji huyu ni mkavu zaidi, labda ameumia zaidi. Yule wa tarbia alikuwa na nafasi ya kuwataja wavuvi na matanga, kwa hiyo tulijua mji unaendelea na mambo yake wakati yeye anakesha.

Dirisha, hata hivyo, halimo. Nililirudisha katika toleo hili nikaona halikai: bila ringa, mwanga na lenga kulitangulia, “dirisha sijalifunga” ilisomeka kama taarifa ya hali ya nyumba, na onyo lake lote likapotea.